Pima Ncha ya Kisu, Usipime Bati: Kusawazisha Deki ya Trekta Dogo

Deki ni lile kasha la bati chini ya trekta linalobeba visu vya kukatia nyasi. Ukoka ukikatwa na deki iliyolala upande, hausitiri. Simama pembeni ya bustani alasiri, jua likiwa limeshuka, utaona ngazi ngazi: njia moja fupi, inayofuata ndefu, na katikati mstari ambao hata ukipita mara ya pili hauondoki. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kunoa visu. Kunoa ni lazima, lakini kisu kilicholala upande hata kikiwa kikali kitaendelea kukata upande.

Mimi natunza bustani za hoteli mashariki mwa Unguja, pwani ya Kiwengwa na Matemwe. Trekta letu ni dogo, lina deki ya inchi 60 yenye visu vitatu, imening'inia baina ya matairi ya mbele na ya nyuma. Nawaandikia wenzangu wa kazi hii kwa sababu naona deki nzima nzima zikitupwa kabla ya wakati wake, na dawa yake ilikuwa futi ya chuma, spana mbili na asubuhi moja ya utulivu.

Kabla ya kushika spana, pima upepo wa matairi. Deki imebebwa na trekta, na trekta limebebwa na matairi. Tairi moja la nyuma likipungua upepo, upande ule wote unashuka, na wewe utahangaika na nati zisizo na kosa. Pima asubuhi kabla jua halijachoma mpira, na ujaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Hakikisha pande mbili zinalingana. Nimeona deki nyingi "zilizoharibika" zikapona kwa pampu peke yake.

Kisha tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa kweli. Weka ubao mrefu na pima maji juu yake uhakikishe. Juu ya nyasi au mchanga usijisumbue, utapima bonde na kilima cha ardhi badala ya deki. Shusha deki kwenye urefu unaokatia siku zote, itikise kwa mkono ikae mahali pake, na angalia magurudumu madogo ya pembeni yasiwe yamegusa chini. Magurudumu hayo si ya kubebea deki. Kazi yake ni kuinusuru isichimbe ardhi mahali penye mwinuko, kwa hiyo yaache juu ya sakafu kiasi cha sentimita moja hivi.

Sasa zima injini, toa ufunguo utie mfukoni mwako, funga breki, na subiri visu visimame kabisa. Vaa glavu nene. Ukihitaji kuingia chini, weka magogo imara chini ya deki, usiamini haidroliki wala jeki. Kijana anayekusaidia mwambie wazi kwamba hapana mtu wa kupanda kwenye kiti mpaka umalize. Hili silifanyii mzaha hata kidogo.

Kipimo chenyewe kinachukuliwa kwenye ncha ya kisu, kutoka sakafuni. Watu wengi hupima ukingo wa bati, na bati linadanganya: limegonga minazi, limepinda, limechomelewa. Nyasi hazikatwi na bati. Zungusha visu vya pembeni vielekee kushoto na kulia, upime ncha ya nje ya kisu cha kushoto na ncha ya nje ya kisu cha kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, rekebisha. Kwenye matrekta mengi utakuta nati za kurekebishia kwenye vyuma vinavyobeba deki upande wa nyuma, kimoja kila upande. Legeza nati ya kufungia, zungusha ile ya kurekebishia nusu duru, tikisa deki, pima tena. Usizungushe pande mbili kwa pamoja, utapotea.

Upande kwa upande ukishakaa sawa, geukia mbele na nyuma. Hapa deki haitakiwi kuwa sawa kabisa. Mbele inatakiwa ishuke kidogo kuliko nyuma, kwa kawaida milimita 3 hadi 6, na kitabu cha trekta lako ndicho chenye neno la mwisho. Sababu yake ni kwamba kisu hukata kwa sehemu yake ya mbele. Nyuma ikiwa juu kidogo, kisu kinapozunguka hakirudii kuzikwaruza nyasi zilizokwisha katwa. Nyuma ikishuka, kila unyasi unapigwa mara mbili, ncha zinageuka rangi ya kahawia kesho yake, na injini inalemewa bila faida. Kwenye deki ya visu vitatu, kile cha kati mara nyingi kimekaa mbele zaidi, basi pima ncha yake ya mbele, halafu ncha za nyuma za visu vya pembeni.

Kuna jambo moja litakalokuharibia vipimo vyote hivi: kisu kilichopinda. Kwetu mashariki ardhi ni uwanda, jiwe la tumbawe liko chini ya udongo kidogo tu, na kila masika mvua inaosha udongo jiwe jipya linachungulia. Kisu kikiligonga, hupinda kiasi ambacho jicho halioni. Kujua ni rahisi. Tia alama ya chaki kwenye ncha moja, ipime, kisha zungusha kisu nusu duru ili ncha ya pili ije mahali pale pale, uipime nayo. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, kuna kitu kimepinda. Funga kisu kipya urudie. Tofauti ikiondoka, kosa lilikuwa la kisu, na usijaribu kukinyoosha kwa nyundo, kitupe. Ikibaki, shafti inayobeba kisu ndiyo iliyopinda, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ndiyo maana kabla ya kukata napita bustani nzima kwa miguu. Mawe, vifuu, makumbi, mashina ya makuti, vyote naviondoa. Ncha ya kisu inakimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Kijiwe kidogo kikirushwa kwa kasi hiyo kinamfikia mtoto wa mgeni aliye mbali kabisa na trekta.

Kunoa sitakaa sana. Fuata pembe ya awali ya kisu, karibu nyuzi 30, kwa tupa au kwa grenda ya kwenda taratibu, chuma kisigeuke buluu. Ukimaliza kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la kati. Upande unaolala ndio mzito, upunguze kidogo. Kisu kisicho na mizani hutetemesha deki nzima na kula beringi. Ukikirudisha, lile bawa lililoinuka litazame juu, ndani ya deki.

Usafi ndio unaotushinda watu wa pwani. Nyasi mbichi zilizoganda chini ya deki hushika unyevu na chumvi, na huziba upepo unaotakiwa kusimamisha majani yakatwe. Visima vyetu vingi huku vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea deki maji hayo ni kuilisha kutu. Mimi nakwangua kwa kibao cha mti ikiwa kavu, napuliza kwa upepo, na nikiosha natumia maji ya mvua yaliyotegwa kwenye tangi. Sielekezi maji ya nguvu kwenye beringi. Baada ya kuosha nazungusha visu dakika chache vikauke. Kutu ikianza nakwangua kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Grisi nayo: futa chuchu ya grisi kwa kitambaa kwanza, la sivyo utasukuma mchanga ndani ya beringi kwa mkono wako mwenyewe. Mkanda unaozungusha visu uangalie nyufa, na mafuta ya giaboksi ya deki uyakague kwa ratiba ya kitabu.

Rudia kupima kila ukifungua deki, ukibadilisha au kuziba tairi, na kabla ya masika, nyasi zinapoanza kukimbia. Na ukisikia kishindo cha jiwe, zima pale pale ulipo. Usimalizie njia. Shafti iliyopinda kidogo ikiachwa izunguke mpaka jioni, beringi inakwenda, na beringi mpya mara nyingi itabidi uisubiri itoke Dar, majani yakikua.