Mnaoanza kazi kwa mitambo ya upepo, someni hii kabla ya kwenda saiti

Naandikia mafundi wapya, hasa nyinyi mmetoka poli juzi mkapata nafasi kwa mitambo ya upepo, iwe ni Marsabit, Kajiado ama kwingine. Kupanda mnara mtafunzwa, hanesi mtapewa, kukaza bolti kwa kipimo mtaonyeshwa, hiyo isiwanyime usingizi. Chenye hamtafunzwa sana ni vile mtaishi na wenye hapo, na hiyo ndo ilinisumbua mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kijana mmoja mchungaji aliniuliza kama kuna kibarua. Nilikuwa na haraka, nikamwambia "nitaangalia". Mimi nilidhani nimemjibu kwa heshima, yeye akasikia nimemuahidi kazi, akaachia mdogo wake mbuzi akakuja kukaa kwa geti kila asubuhi karibu wiki tatu, mimi napita na gari namsalimia kwa mkono sijui ananingoja mimi. Siku nilimwambia hakuna nafasi hakusema kitu, aliinuka akashika fimbo yake akaenda. Baba yake ndo alikuwa anatuonyesha pa kuvukia lagga, ule mto wa msimu, ikijaa maji, na kutoka hiyo siku hakuniitikia salamu tena, mpaka nikaenda bomani kwake na mzee mwingine wa kuniombea msamaha, tukakunywa chai, yakaisha. Kwa hivyo kama hakuna, sema hakuna, hapo hapo, halafu mpeleke kwa afisa wa jamii aandikwe jina. Sitaki mrudie hiyo yangu.

Swali lingine mtaulizwa hata kabla ya wiki kuisha: mbona hizi panga, yaani mabawa ya mtambo, zinazunguka juu ya boma yangu na usiku bado nawasha koroboi? Jameni msijibu "hiyo si kazi yetu". Kaa chini umweleze mama polepole. Stima ikitoka kwa mtambo inapandishwa nguvu inafika volti 33,000, inapita kwa waya chini ya ardhi mpaka kituo, hapo inapandishwa tena mara nyingi zaidi ndo iweze kusafiri mbali, na waya yenye nguvu hiyo huwezi kuitoboa uvutie nyumba moja stima, lazima kuwe na laini ndogo na transfoma yake, na hizo ni kazi ya kampuni ya kusambaza stima, si ya wenye mitambo. Ukimaliza, kubali pia kwamba ana haki ya kuuliza. Pale Loiyangalani, kule Marsabit, kuna mitambo 365 ya jumla ya megawati 310, ilikuwa imejengwa yote ikaisha 2017 lakini laini ya kupeleka stima kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika 2018, yaani watu wa hapo waliangalia minara imekaa zaidi ya mwaka bila kupeleka stima popote. Mtu ameona hayo hawezi kuamini kila neno lako ati kwa sababu umevaa helmeti.

Ardhi sasa. Msidanganywe na macho, kwamba hakuna ua wala shamba basi pako wazi. Hapo kuna malisho ya kiangazi, kuna visima, kuna makaburi. Kesi ya ardhi ya Loiyangalani ilifika mahakama ya Meru, na Oktoba 2021 majaji wakasema hati zilitolewa bila kufuata sheria. Kinangop nako, mradi wa megawati 60 ulikufa kabisa 2016 baada ya maandamano ya wenyeji, na mtu alipoteza maisha kwa hayo maandamano, inaniuma mpaka leo. Kwa hivyo gari ipite barabara yenye ilikubaliwa kwa baraza, usikate kona hata kama unaokoa dakika kumi tu.

Mtaulizwa pia mbona upepo ni mkali na panga zimesimama, wengine watasema mmezima makusudi. Mingi ya hii mitambo hujizima upepo ukipita mita 25 kwa sekunde, ili isivunjike. Ni jibu fupi lakini mtu akilipata mapema uvumi hauanzi.

Na tumbusi. Kipeto, kule Kajiado, kuna mitambo 60 na hao ndege wanapita hapo, kwa hivyo kuna watu wa kuangalia angani na ndege akikaribia mtambo unasimamishwa. Mizoga ya ng'ombe pia inaondolewa, sababu tumbusi akiona mzoga anashuka katikati ya panga. Sasa fikiria nani anajua ng'ombe amefia wapi. Si wewe na kompyuta yako, ni mtoto ako na mbuzi huko korongoni. Kwetu mmoja alikuwa anatembea karibu saa nzima kutuambia kuna mzoga, hakuna mtu alikuwa amemtuma, ni vile fundi mmoja aliwahi kusimamisha gari jua kali akampa maji na kumuuliza jina lake. Bebeni maji ya ziada kwa gari.