Hita Inapopuliza Baridi: Kutafuta Hitilafu ya Kulanti katika Gari la Dizeli la Zamani

Kwa muda wa miezi minne nilibadilisha vipuri katika gari langu la dizeli, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne na lenye umri wa zaidi ya miaka 20, bila kujua hasa ninatafuta nini. Dalili ilikuwa moja tu: hita ilipuliza hewa ya moto kwa dakika kadhaa, ikageuka baridi, kisha ikarudi moto, na muda wote huo geji ya joto haikubanduka katikati. Nilibadilisha thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, nikabadilisha kifuniko cha rejeta, nikaambiwa kuwa rejeta yenyewe imeziba nikaibadilisha nayo, na hita ikaendelea vilevile. Siku moja nikipanda mlima mrefu nikiwa na mzigo, geji ikaruka ghafla hadi kwenye alama nyekundu. Nilisimama na kuzima injini papo hapo, na ninaamini hilo ndilo lililoiokoa silinda hedi, yaani kichwa cha chuma kinachofunika silinda za injini. Ninaandika haya kwa sababu hita ilikuwa imenieleza ugonjwa wote tangu siku ya kwanza, ila mimi sikujua kuisoma.

Hita ni rejeta ndogo iliyowekwa ndani ya gari, nayo hupitisha maji yaleyale yanayopoza injini, yaani kulanti, ambayo ni maji yaliyochanganywa na dawa; humu nitayaita maji tu. Katika magari mengi imekaa juu kuliko sehemu kubwa ya mfumo, kwa hiyo maji yakipungua kidogo au hewa ikiingia, hita huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukosa maji. Geji, kwa upande wake, hutegemea sensa ambayo lazima izame ndani ya maji ili isome sawasawa. Sensa ikizungukwa na hewa, geji inaweza kuonyesha hali ya kawaida wakati silinda hedi inaungua. Isitoshe, geji nyingi zimetengenezwa zitulie katikati kwa nyuzi nyingi za joto, ili dereva asihangaishwe na kila badiliko dogo. Ndiyo maana siku hizi, nikiwa ninapanda mlima na hita iliyokuwa moto ikageuka baridi ghafla, ninasimama hata kama geji imetulia.

Uchunguzi huanza asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha rejeta, si cha tanki la akiba la maji peke yake, kwa kuwa tanki linaweza kuwa limejaa huku rejeta imepungukiwa. Usikifungue kamwe injini ikiwa moto: kifuniko kinachoshikilia shinikizo la takriban baa 1 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi kama nyuzi 120, na ukikilegeza maji hayo hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Maji yakiwa chini ya shingo ya rejeta, jua kwamba ama yanavuja mahali ama kifuniko hakiyarudishi kutoka kwenye tanki injini inapopoa, na hapo hakuna haja ya kununua kitu chochote kabla hujajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kipimo kinachofuata hakigharimu chochote. Washa injini, weka hita kwenye moto kabisa, endesha hadi ipate joto lake, kisha uzime na ufungue boneti. Tafuta mipira miwili ya maji ya hita inayopita kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, uiguse kwa uangalifu, au uielekezee kipimajoto cha miale kama unacho. Ikiwa yote miwili ni ya moto na bado ndani kunapuliza baridi, mfumo wa maji hauna kosa. Tatizo ni kibao kinachogawa hewa au kebo yake iliyochomoka nyuma ya dashibodi. Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine ni baridi, maji hayapiti: ama valvu ya hita imekwama, ama hita imeziba kwa kutu na matope, ama kuna hewa iliyonaswa ndani. Ikiwa yote miwili ni vuguvugu, rudi kwenye kiwango cha maji, thamostati na pampu. Tofauti ndogo kati ya mipira hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa hita inapotoa joto ni lazima maji yanayorudi yawe yamepoa kidogo. Kumbuka pia kwamba dizeli hupoteza joto kidogo kuliko petroli, hasa gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, kwa hiyo hita inayopoa kiasi kwenye foleni na kupata nguvu ukianza kukanyaga mafuta haimaanishi kila mara kwamba kuna ubovu.

Kuhusu thamostati nina neno zito. Ni desturi ya mafundi wengi kuiondoa kabisa gari linapochemsha, na desturi hiyo imeua injini nyingi. Katika injini nyingi thamostati hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiiondoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani kuliko awali. Kwenye tambarare hutokea kinyume chake: injini haipati joto, dizeli haiungui vizuri, masizi yanaongezeka na hita haipati moto. Kama unaishuku, itumbukize katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Nambari iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ndiyo nyuzi ambazo inatakiwa kuanza kufunguka. Unapoirudisha, kile kitundu chenye pini inayochezacheza kielekee juu ili hewa ipite.

Sasa nirudi kwenye gari langu. Baada ya ile siku ya mlimani niliazima pampu ya kupimia shinikizo, nikaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, nikasukuma hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, nikasubiri. Sindano ilishuka polepole mno, kiasi kwamba mtu mwenye haraka angesema imetulia, na chini ya injini hapakuwa na tone. Gari langu lina hita ya pili nyuma, na mabomba yake ya chuma hupita chini ya sakafu karibu na bomba la moshi. Nililala chini na tochi nikayafuata kwa mkono shubiri kwa shubiri. Mahali ambapo klipu inashika bomba, matope yalikuwa yamekauka yakaganda. Nilipoyakwangua nikaona ganda la chumvi la kijani kibichi, pana kama ukucha wa kidole gumba, na katikati yake unyevu uliokuwa uking'aa. Kutu ilikuwa imetoboa tundu lisilozidi ncha ya sindano. Injini ikiwa moto, maji kidogo yalitoka na kukauka palepale kwa joto la bomba la moshi, kwa hiyo sikuona tone chini. Injini ilipopoa, badala ya kuvuta maji kutoka kwenye tanki la akiba, ilivuta hewa kupitia tundu lile. Kila usiku gari lilikuwa likinywa hewa, na kila asubuhi hewa hiyo ilizunguka hadi kwenye hita. Rejeta niliyoitupa haikuwa na kosa lolote.

Ikiwa mabomba, mipira, pampu na hita yenyewe ni vikavu na bado maji yanapungua, yawezekana yanaingia ndani ya injini. Hita inayovuja ndani ya gari hujitambulisha kwa harufu tamutamu, zulia lenye unyevu na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ikiungua huonekana kwa njia nyingine: mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, kabla joto halijaweza kuleta shinikizo hilo, na mapovu hutoka mfululizo kwenye shingo ya rejeta hata baada ya hewa yote kutolewa. Dizeli hubana hewa kwa nguvu kubwa, kwa hiyo ufa mdogo tu hutosha kusukuma gesi kwenye maji. Ukiona hivyo acha kuendesha.

Usitie unga wa kuziba matundu. Haujui kutofautisha tundu la kutu na vijia vyembamba vya hita, na huziba vyote viwili. Wala usikubali kuendesha kwa maji matupu. Katika injini za dizeli zenye silinda za kupachikwa zinazozungukwa na maji, mtikisiko wa ukuta wa silinda hutengeneza vipovu vinavyopasuka na kuchimba chuma kutoka upande wa maji, na dawa zilizomo ndani ya kulanti iliyotengenezewa dizeli ndizo zinazokilinda chuma hicho. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini. Kulanti ya zamani imwage kwenye chombo na kukifunika, kwa kuwa ina ladha tamu na ni sumu kali kwa watoto na wanyama.

Unapojaza, egesha pua ya gari ikiwa juu, fungua valvu ya hita ya mbele na ya nyuma, na umimine polepole kadiri mapovu yanavyotoka. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, iache wazi hadi maji yatoke bila kukatika. Endesha, acha ipoe usiku kucha, ufungue kifuniko asubuhi na uongeze kilichopungua. Mimi nilifanya hivyo asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza iliingia karibu nusu lita, ya pili kidogo sana, na ya tatu maji yalikuwa yamefika shingoni.