Mbwa Mwitu Mwenye Mabawa Atue Wapi?

Toleo lililopita lilibeba aya mbili za hadithi inayoandikwa na mwanafunzi mmoja wa Tabora, yenye mhusika ambaye ni mbwa mwitu mwenye mabawa anayezunguka nchi akisimulia hadithi. Tuliahidi kujibu barua aliyoiambatanisha, na kwa kuwa wasomaji wengine wawili wameandika kuhusu mnyama huyohuyo, safu nzima ya leo ni yake.

SWALI: Ndugu mwandishi, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Tabora Mjini. Tangu likizo ya Juni ninaandika hadithi ya mbwa mwitu mwenye mabawa ambaye hana kundi wala makao. Usiku huruka kutoka kijiji hadi kijiji, na anakotua husimulia hadithi zenye uwezo wa ajabu: akitaja mvua, wasikilizaji wananusa udongo uliolowa. Mwalimu wangu alisema kwamba ninaiga mambo ya Ulaya, kwamba mbwa mwitu ni mnyama mbaya, na kwamba afadhali nimtumie sungura. Bibi yangu alisikiliza kurasa mbili, kisha akauliza: “Sasa huyu asiye na kwao, nani anamwitikia?” Sikuwa na jibu. Je, niache? Na nisipoacha, nimfanyeje awe mnyama wa kwetu?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiache, wala usimgeuze kuwa sungura. Sungura ana kazi yake katika ngano zetu, nayo ni kushinda kwa hila. Mnyama wako hashindani na mtu, anakuja kusimulia tu, na ukimvika ngozi ya sungura wasikilizaji watakaa wakisubiri amlaghai fisi.

Mwalimu wako ana hoja moja inayostahili kusikilizwa. Katika Kiswahili jina la mbwa mwitu linabeba wanyama wawili. Wa kwanza ni yule wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ambaye katika misitu yetu hayupo, na ambaye wengi wetu tulimfahamu kwanza kwa kusomewa Mathayo 7:15, pale manabii wa uongo wanapofananishwa na mbwa-mwitu wakali waliovaa mavazi ya kondoo. Katika aya zako ulimpa mnyama wako manyoya ya kijivu na pumzi inayotoa mvuke kwenye theluji, kwa hiyo mwalimu hakukosea alipoona Ulaya. Wa pili ni wa kwetu. Ana masikio makubwa ya mviringo, miguu mirefu myembamba, vidole vinne katika mguu wa mbele ambapo mbwa wa nyumbani ana vitano, na mabaka meusi, ya manjano na meupe ambayo hayafanani kati ya mnyama mmoja na mwingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi chache ambazo bado zina wanyama hao kwa wingi kiasi, hasa katika hifadhi za Ruaha na Nyerere. Mtumie huyo. Mtoe katika miombo ya Ugalla, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, apae kando ya mto ule unaomwaga maji yake Malagarasi, na suala la kuiga litakuwa limekwisha.

Nina sababu kubwa zaidi ya kukushauri hivyo, nayo ni tabia ya mnyama mwenyewe. Mbwa mwitu wanapokwenda kuwinda, baadhi yao hubaki pangoni na watoto. Wawindaji wanaporudi, huwatapikia wale waliobaki nyama waliyoibeba tumboni, na hata aliye mgonjwa au kilema huweza kupata sehemu yake kwa njia hiyo. Mtu anaweza kukunja uso akisikia habari hiyo, lakini wewe unayeandika kuhusu msimulizi usikunje, kwa maana hakuna picha bora ya kazi yake: anakwenda mbali, anarudi na kitu ndani yake, na kinatoka kinywani kwa ajili ya wasiokwenda. Hukuwa na haja ya kumtafutia uchawi mahali pengine.

Pia, vijana wa kundi wanapokomaa huondoka walikozaliwa, na wapo waliofuatiliwa wakisafiri mamia ya kilomita. Ila kwa kawaida hawaondoki mmoja mmoja. Majike huondoka na dada zao, madume na kaka zao. Umeandika kwamba mnyama wako ni jike na kwamba yuko peke yake. Basi msomaji anayemjua mbwa mwitu atakuuliza mara moja: dada zake wako wapi? Pengine waliondoka pamoja, wakakimbia bega kwa bega siku kadhaa, kisha mmoja wao akaota mabawa na wengine hawakuota. Sikuandikii hadithi, binti yangu, lakini ukurasa huo ningependa sana kuusoma.

Sasa tuje kwa bibi yako, ambaye ameuliza swali zito kuliko yangu yote. Simulizi yetu haianzi kwa msimulizi kusema. Huanza kwa kuitikiwa. Anayesema “Paukwa!” hana ruhusa ya kuendelea mpaka asikie “Pakawa!”, na anayesema “Hadithi, hadithi!” husubiri aambiwe “Hadithi njoo!” Marehemu bibi yangu, aliyeishi upande wa Sikonge, alikuwa akisimulia huku anabangua karanga. Usiku mmoja alisema “Paukwa!” nasi tukajibu kwa sauti ya usingizi. Hakutugombeza. Aliinamisha kichwa akaendelea na karanga zake: ganda likapasuka, punje mbili zikadondoka katika ungo, ganda jingine likapasuka. Tulikaa tukisikia sauti hiyo tu, mpaka kaka yangu aliposhtuka akaita “Pakawa!” kwa nguvu, ndipo mkono wa bibi uliposimama na hadithi ikaanza. Nilikuwa na miaka saba hivi, na tangu siku hiyo sijawahi kuamini kwamba hadithi ni mali ya anayeisimulia peke yake.

Mbwa mwitu nao wana jambo linalokaribiana na hilo. Watafiti waliowachunguza nchini Botswana walieleza mwaka 2017 kwamba kundi linapokuwa limepumzika na mmoja akataka waondoke, wenzake hupiga chafya, na kadiri chafya zinavyoongezeka ndivyo inavyoelekea zaidi kwamba kundi litainuka kwenda kuwinda. Akianzisha safari mnyama wa daraja la chini, chafya nyingi zaidi huhitajika. Kwa hiyo mnyama huyu, hata kabla hujamwekea mabawa, amezoea kungoja kuitikiwa.

Hapo ndipo ninapoona hadithi yako ilipo. Mnyama wako asifungwe na mnyororo, mfalme wala mpaka. Aende atakako na aondoke apendapo. Lakini uwezo wake wa ajabu usiwe mali anayotembea nayo. Akitua mahali akasema “Paukwa!” na watu wakanyamaza, abaki mbwa mwitu wa kawaida mwenye njaa na mabawa yenye vumbi. Wakiitika, mvua inukie. Kwa kufanya hivyo, swali la bibi linageuka kuwa tukio: kuna kijiji atakachotua ambako watu wamefiwa na hawana nguvu ya kuitika, na wewe itakubidi uamue atafanya nini usiku huo.

Kuhusu lugha, nina masahihisho mawili. Uliandika kwamba mnyama “alikuwa na roho huru”. Kiswahili chetu hakimsemi mtu hivyo, na neno roho likikaa pale, msomaji anaweza kudhani kwamba unataja pepo. Onyesha uhuru wake kwa vitendo: anakaribishwa kulala ndani, anashukuru, na alfajiri mkeka unakutwa mtupu. Vilevile uliandika kwamba “alizurura” na baadaye kwamba “alitangatanga”. Anayezurura ni mtu asiye na kazi, na anayetangatanga amepotea au ana dhiki. Wako anatembea, anasafiri, anazunguka nchi, na maneno hayo ya kawaida yanamtosha, kwa sababu watu wa Tabora wanajua maana ya kutembea. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo begani kwa miezi mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waliporudi nyumbani, watu waliketi kuwazunguka wasikie ya pwani. Miembe tunayokaa chini yake leo inahusishwa na njia zilezile. Ningekuwa wewe, ningemtua mnyama huyo Tabora katika msimu wa maembe, juu ya paa la bati, watoto waliolala ndani wakadhani ni embe lililodondoka, mpaka wasikie kucha nne zikikwaruza taratibu kuelekea ukingoni.

Mpelekee bibi yako salamu zangu, na umsomee tena.

SWALI: Katika aya mlizochapisha, mwanafunzi ametumia “mabawa” mahali pamoja na “mbawa” mahali pengine. Lipi ni sahihi? Tena, kusema kwamba mbwa mwitu “aliruka” hakutoshi?
Mwalimu wa shule ya msingi, Urambo

JIBU: Yote mawili ni sahihi, Mwalimu. Bawa lina wingi wake mabawa, na ubawa una wingi wake mbawa. Kosa ni kuyachanganya katika hadithi moja, na mimi ningechagua mabawa kwa kuwa sikio la mtoto halitayachanganya na mbwa. Kuhusu kuruka, umegusa jambo ambalo nililipita bila kuliona. Ndege akiruka tunajua kwamba yuko hewani, lakini mnyama mwenye miguu minne akiruka, msomaji hajui kama amepaa au amevuka mtaro. Mwandishi aseme alipaa pale anapoondoka ardhini, na aliruka angani pale anaposafiri. Upatanisho wa sarufi ubaki wa viumbe hai: alitua, wake, huyu, mabawa hayamtoi katika ngeli yake.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Ujiji. Niliwasomea wanangu aya zile mbili. Mdogo aliuliza kama huyo ndiye Buraki, na mkubwa aliuliza kwa nini mnyama huyo haji kwetu. Niwajibu nini?
Baba wa watoto wanne, Ujiji

JIBU: Ndugu yangu, mdogo umjibu wazi, bila kuzungukazunguka. Buraki ni wa habari ya Miiraji, safari ya usiku ya Mtume Muhammad (S.A.W.), na habari hiyo tunaipokea kwa heshima ya imani kama tulivyorithishwa. Huyu wa Tabora ametungwa na msichana mwenye kalamu, na hatumfananishi na mnyama yeyote wa maandiko. Jirani yako Mkristo naye akiulizwa kuhusu chui mwenye mabawa manne wa kitabu cha Danieli, sura ya saba, ajibu vivyo hivyo. Mtoto haharibikiwi na hadithi akiambiwa mapema kwamba ni hadithi.

Swali la mkubwa limenifurahisha, na jibu lake unalo wewe kuliko mimi. Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi inapokuwa pevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Mwambie mwanao kwamba usiku wa giza mnyama huyo hupita juu kabisa, akaona chini taa zenu zimetandaa kama mji juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kirefu kabisa hupita mita 1,400, lakini hatui, kwa sababu wasimulizi na waitikiaji wamo mitumbwini na nyumbani wamebaki watu wenye usingizi na wasiwasi. Husubiri mbalamwezi. Siku ambazo wewe uko nyumbani, nyavu zimeanikwa na watoto wanaruhusiwa kukaa nje mpaka usiku mkubwa, hizo ndizo siku zake za Ujiji.

Mbalamwezi ijayo, basi, keti nao uani useme “Paukwa!” kwa niaba ya mnyama huyo, na usianze mpaka wote wanne waitike, hata yule mdogo. Simulia jambo uliloliona mwenyewe ziwani, maana hilo ndilo analolibeba tumboni. Ukimaliza, funga kama walivyofunga wasimulizi wetu wa zamani: ikiwa nzuri ni yetu sote, na ikiwa mbaya ni yangu mimi. Kisha huyo mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemwalika mgeni, mpe karatasi aandike kilichosimuliwa usiku huo. Itume hapa, nami nitaifikisha kwa binti wa Tabora, ambaye bado hajaandika sura ya Ujiji.