Kuwapeleka Watoto Alabama: Anza na Kalenda, Ramani Baadaye

Dada mmoja wa Atlanta ameniandikia akiomba ushauri. Wanawe wamezaliwa Marekani, shuleni wanasikia habari za Martin Luther King kila Januari, na sasa anataka wakajionee mahali watu weusi walipopigania haki zao. Orodha yake ina miji saba kwa siku nne, kuanzia Memphis hadi Charleston. Dada yangu, ibakize mitatu: Montgomery, Selma na Birmingham. Mtoto anayeshinda ndani ya gari hajifunzi chochote.

Ondokeni Jumatano. Makumbusho ya Legacy ya Montgomery, yanayoeleza historia ya utumwa na ubaguzi, hufungwa Jumatatu na Jumanne, na sehemu kadhaa ndogo hazifunguliwi Jumapili. Wazazi wengi hutoka Jumamosi kwa kuwa ndiyo siku yao ya mapumziko, kisha Jumatatu wanagonga mlango uliofungwa. Kutoka Atlanta hadi Montgomery kwa barabara kuu ya I-85 ni kama kilomita 260. Njiani pitieni Moton Field, Tuskegee, walikofundishwa marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani. Hakuna kiingilio.

Alhamisi yote iwe ya Montgomery. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nendeni kwenye ukumbusho wa waliouawa na makundi ya wabaguzi, uliofunguliwa 2018. Una nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja ikiwa na jina la kaunti na majina ya waliouawa humo. Mwambieni kila mtoto aitafute kaunti mnayoishi. Fulton ya Atlanta imo. Mchana ingieni Legacy kwa tiketi ileile ya dola 5, na mtenge muda wa saa tatu. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi.

Legacy si ya mtoto wa chini ya miaka kumi, hata kama mwanao ni jasiri kiasi gani. Mzazi mmoja ampeleke Makumbusho ya Rosa Parks, yenye sehemu ya watoto. Na tafadhali, msimrudishie ile hadithi kwamba Parks alikuwa mama mzee aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi kwa sababu ya uchovu wa miguu. Alipokamatwa tarehe 1 Desemba 1955 alikuwa na miaka 42, na alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Mgomo uliofuata, wa watu weusi kutopanda mabasi ya Montgomery, ulidumu siku 381 kwa sababu watu walijipangia usafiri: magari ya kubebana, vituo vya kuchukulia abiria, michango ya mafuta. Hilo ndilo somo, na ndilo linalorukwa.

Ijumaa ni Selma. Jazeni mafuta Montgomery, bebeni maji na chakula, maana maduka kwenye barabara ya US 80 ni ya kuhesabu. Egesheni upande wa mjini, mvuke daraja la Edmund Pettus kwa miguu, kwenye njia ya pembeni. Magari bado yanapita hapo, mshikeni mdogo mkono. Daraja limeinuka katikati, kwa hiyo huoni ng'ambo mpaka ufike juu. Hapo juu ndipo waandamanaji wa tarehe 7 Machi 1965, waliodai haki ya kupiga kura, walipowaona askari wakiwangoja, na wakapigwa. Mkirudi Montgomery mtakuwa mnafuata njia ambayo waandamanaji hatimaye waliitembea kuanzia tarehe 21 hadi 25 Machi mwaka huo, kilomita 87 hivi. Mtoto asome mita ya gari, apige hesabu ya mwendo wa siku moja.

Jumamosi, Birmingham. Kanisa la Kibaptisti la 16th Street lililipuliwa tarehe 15 Septemba 1963, wakafa wasichana wanne: watatu wa miaka 14, mmoja wa 11. Ziara ya ndani iombwe mapema. Ng'ambo ya barabara, katika bustani ya Kelly Ingram, ambako polisi waliwaachia mbwa waandamanaji mwaka 1963, kuna sanamu za mbwa hao zinazoruka kutoka pande zote mbili za njia. Waacheni watoto wapite katikati, na wewe mzazi usihutubie. Wakiuliza, jibu walichouliza tu.

Alabama iko nyuma ya Georgia kwa saa moja. Mkiondoka Birmingham saa tisa alasiri, Atlanta mtafika kama saa kumi na mbili na nusu jioni.