Tarehe 7 isikukute mikono mitupu

Dada, umesema una mgahawa Morogoro, wafanyakazi 11, na kila mwezi PAYE (kodi ya mapato unayomkata mfanyakazi kwenye mshahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi, anayoilipa mwajiri) unazilipa kwa kuchelewa ukiongezewa riba. Pole sana. Nami yamenikuta kwenye karakana yangu ya samani.

Kilichonisaidia ni kutenga fedha siku ileile ya mshahara. Ulichomkata mfanyakazi si chako tena, kiondoe kwenye akaunti ya biashara kabla hujanunua hata gunia la mchele. Nina akaunti ya pili kwa kazi hiyo tu.

PAYE na SDL za mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 7. Sasa chukua kalenda: 7 Aprili ni Siku ya Karume, 7 Julai ni Sabasaba. Siku za mapumziko hizo, benki zimefungwa! Mimi nimejiwekea tarehe 5, mwaka mzima, na namba ya kumbukumbu ya malipo naitoa mapema.

Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, yako na ya mfanyakazi, ina nafasi hadi mwisho wa mwezi unaofuata, ila usiisogeze huko. Ni uzee wa watu.

Desemba ndiyo hatari kubwa. Mishahara hulipwa mapema kwa ajili ya Krismasi, Januari ada za watoto zinagonga, na tarehe 7 haikungoji. Anza kuweka akiba ya Desemba tangu Oktoba. Julai nayo, bajeti mpya ikianza, hakiki viwango vya kodi kabla ya kuandaa mishahara.