Aibolti: wadogo zangu mnaoanza kazi za kunyanyua, someni hapa

Nyie mnaoanza kazi za mainjini hapa Mwanza, iwe gereji za Igogo au kule Mwanza South kwenye meli, naona aibolti, ile bolti yenye jicho la kupachikia ndoano, mnaichukulia poa sana. Kijana anaokota yoyote kwenye kopo, anazungusha mara tatu, anapachika ndoano ya chenibloku afu anavuta, na chini kuna wenzake. Hapana jamani.

Kwanza angalia bega, ile sahani chini ya jicho. Isiyo na bega ni ya kuvuta wima tu, basi. Yenye bega ikaze mpaka bega lilalie chuma pande zote, ukiona mwanya hata wa karatasi usinyanyue, maana slingi, yaani mkanda au cheni ya kunyanyulia, ikivuta kwa pembeni bega ndo linasaidia kubeba, likiwa hewani mzigo wote unahamia kwenye meno na bolti inapinda palepale inapoingilia shimoni. M16, yaani bolti nene milimita 16, ya DIN 580, kiwango cha Kijerumani cha aibolti, inabeba kilo 700 wima, ila ukitumia mbili slingi zikalala nyuzi 45 kila moja inabeba kilo 500 tu, na hapo jicho liwe limeelekea slingi. Likigoma kuelekea baada ya kukaza usilegeze, weka washa nyembamba chini ya bega. Na slingi moja usiipitishe macho mawili, inayavuta yakaribiane.

Jeshini hii kitu wako siriasi nayo. Marekani wana kiwango kizima, MIL-STD-209, cha sehemu za kunyanyulia na kufungia vifaa vya kijeshi. Angalia hata kombora la mzinga wa 155 mm, lile la M107 lina kilo kama 43, linakuja na plagi yenye jicho imefungwa puani, kwenye tundu la fyuzi, yaani kifaa cha kulipulia kombora. Jicho liko katikati kabisa kwahiyo linanyanyuliwa wima, halafu plagi inafunguliwa ndo fyuzi inaingia. Napenda sana ile akili, jicho limewekwa pale uzito unaponing'inia lenyewe, na nyie mkichagua shimo la kufungia anzieni hapo, uzito uko wapi.

Iliyopinda usiinyooshe kwa nyundo wala kuichomelea. Ikate jicho na grenda kabisa, ukiitupa kona nzima nzima kuna mtu ataiokota kesho.