Barua kwa mwanangu: nenda, lakini njoo kwanza ulale

Tukuyu, Julai

Mwanangu mpendwa,

Ugonile, mama. Sisi huku ni wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Ukungu unashuka tangu saa kumi jioni, na mama yako amehamia jikoni, haondoki kwenye moto mpaka saa ya kulala. Anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ulisema hutaki jibu la simu la "sawa, Mungu akutangulie", unataka nikuandikie kama nilivyokuwa nakuandikia ulipokuwa bweni. Basi nimekaa mezani. Umeniuliza hivi: "Baba, miaka saba nimefanya kazi bila kupumzika. Nataka kuomba ruhusa ya miezi mitatu niende Ulaya, nikaione Rotterdam na Antwerp ninazoziandika kwenye makaratasi ya meli kila siku. Je, ni haki yangu, au ni ubinafsi wakati nyumbani mnanitegemea?"

Nenda. Hilo ndilo jibu langu, na mama yako tumeshaongea naye. Lakini nina mengine ya kukuambia, uyasome taratibu.

Siku tulipomzika bibi yako mwaka jana, nilikuona nyuma ya migomba, simu sikioni. Wajukuu wenzako walikuwa wanapita mmoja mmoja kutupia udongo. Nilikusikia ukisema kwa sauti ya chini, "hilo kontena limeshalipiwa, angalia barua pepe ya jana." Ulipofika kaburini, shimo lilikuwa limeshajaa, vijana wanashindilia kwa migongo ya majembe. Uliinama, ukaokota udongo kidogo ukauweka juu, ukabaki umeinama hivyohivyo muda mrefu. Sikukuambia neno siku ile, na nimelijutia jambo hilo mpaka leo. Mtu anayekosa nusu saa ya kumzika bibi yake, uchovu wake si wa kutibiwa na usingizi wa Jumapili.

Juzi nimelishusha lile kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Mle kuna pasipoti zangu mbili za zamani, kadi ya njano ya chanjo, na noti za Zambia ulizokuwa unazichezea ukiwa mdogo. Zile pasipoti ukizifungua huoni mahali peupe. Nakonde pa kuingilia Zambia, Kasumbalesa pa kuvukia Kongo, Nakonde, Kasumbalesa, mihuri imepandana mpaka wino umetokea upande wa pili wa karatasi. Mtu akiziona atasema mzee huyu ameitembea dunia. Miaka 21 nimeendesha lori, naenda na mzigo wa bandarini, narudi na shaba, na nje niliyoijua mimi ni foleni, mizani na maegesho. Lubumbashi nimeingia mara nyingi kuliko Iringa. Lakini ukiniuliza watu wa kule jioni wakiwa nyumbani kwao wanakula nini, wanacheka nini, sina cha kukujibu. Nilikula pale malori yanapolala, na chakula cha pale ni kilekile tangu Tunduma.

Mwaka 2007 gia boksi ilikufa nikiwa Lusaka. Mwenye gari akapiga simu: spea inatoka Dar, kaa na gari, usisogee. Tulikaa siku sita. Yadi tuliyolala haikuwa mbali na stendi ya mabasi, na kila alfajiri nilisikia wapiga debe wakiita, Livingstone, Livingstone! Huko ndiko kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Victoria. Maana yake moshi unaonguruma, na utaona kwamba neno lao la moshi na letu ni ndugu. Mto mzima wa Zambezi unaanguka zaidi ya mita 100 kwenda chini, na ule ukuta wa maji una upana wa mita 1,700 hivi. Madereva wa Kizambia walinisimulia kwamba wakati wa maji mengi ule mvuke unauona ukiwa bado mbali sana. Kutoka Lusaka ni kama kilomita 480, unapanda basi alfajiri na mchana umefika. Utingo wangu alikuwa mtu mwaminifu, angelilinda gari. Ningekwenda, nikaona, nikarudi, na bado ningebakiza siku tatu. Sikwenda. Nilikaa chini ya trela nikisubiri simu.

Niliporudi, watu walinipongeza kwamba nimepumzika wiki nzima. Mwanangu, sikupumzika hata saa moja. Kusubiri nako ni kazi, tena kazi nzito, maana mwili umekaa na moyo bado uko barabarani. Nimekaa hivyo mara nyingi, Tunduma siku nne, Kasumbalesa wiki, na siku zote nilijidanganya kwamba nitapumzika gari likisimama. Ndiyo maana nakusisitizia uombe ruhusa sasa, ungali mzima. Ukingoja mpaka uharibikiwe, mapumziko utayapata, lakini utayapatia kitandani hospitali, na hutakuwa na hamu ya Rotterdam.

Zile noti sasa. Baada ya safari ile nilianza kuweka akiba ya kwenda Livingstone. Posho ikibaki, naweka kando. Zikafika noti sita za kwacha 50,000, zile zenye picha ya tai. Nikasema nitakwenda nikimaliza ada ya kaka yako. Ikaisha. Nikasema nikimaliza kuezeka nyumba. Januari 2013 Zambia wakafuta sifuri tatu kwenye pesa yao, wakatoa noti mpya, na za zamani zikapewa muda wa kubadilishwa. Mwaka ule nilikuwa nimehamishiwa njia ya Malawi, natokea Kasumulu, na muda ukapita. Noti ziko mle kwenye kopo. Ni safi kabisa, ukizikunja zinalia.

Babu yako naye alivuka mpaka. Alikwenda na Wenela, wale waliokuwa wanachukua vijana wa huku kwetu kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali ilipolipiga marufuku jambo hilo baada ya uhuru. Nikiwa mtoto nilimwomba anisimulie Johannesburg, nikitegemea habari za majumba marefu. Alinisimulia giza, joto, na lifti ya kuwashusha shimoni. Mji wenyewe aliuona Jumapili kwa Jumapili. Kwa hiyo ile hesabu unayoipiga moyoni, kwamba wazee wako walivumilia na wewe uvumilie, naomba uifute. Katika nyumba yetu hajatokea mtu aliyevuka mpaka bila mzigo wa mtu mwingine. Wewe utakuwa wa kwanza kuvuka kwa sababu unataka kuona, na mimi naitamani sana siku hiyo.

Ila usipande ndege siku ya kwanza ya likizo. Njoo kwanza huku, ukae siku kumi. Nilipokuwa natoka safari ndefu, mama yako aliwahi kunikuta uwanjani saa kumi usiku, nimesimama gizani na nondo mkononi, natafuta matairi ya kugonga nisikie kama yana upepo. Gari lilikuwa Dar. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, na mikono haijui. Ilinichukua siku nne tano mpaka mwili ufike. Ukienda Ulaya na mwili ambao bado uko ofisini, utalipa pesa nyingi ukakae hotelini unaangalia simu. Njoo ulale. Chumba chako tumekipaka rangi, na blanketi nzito ipo. Asubuhi utakunywa maziwa, utakwenda na mama yako kuchuma chai ukitaka, usipotaka utalala tena. Simu ya ofisi iache Dar, mkononi mwa mtu atakayeshika kazi yako.

Kuhusu ofisi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, yenye malipo. Hizo ni zako, si hisani ya bosi. Hiyo miezi miwili ya juu ni likizo bila malipo, na hapo ni makubaliano kati yako na wao. Iwe barua. Iandikwe tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, na kwamba unarudi kwenye nafasi yako. Isainiwe, na nakala ubaki nayo. Wakikuambia "nenda tu, tutaelewana", usiondoke. Mwaka 2011 niliomba wiki tatu nimuuguze bibi yako, nikakubaliwa kwa mdomo. Niliporudi nilikuta gari langu lina dereva mwingine, nikakaa miezi miwili bila kazi. Ulikuwa kidato cha pili, labda unakumbuka mwezi ule uliorudishwa nyumbani. Sababu ilikuwa hiyo, sikuwahi kukuambia.

Usiache kazi kabisa kwa sababu ya hasira za wiki mbaya. Na usikope. Akiba yako ikitosha mwezi mmoja na nusu, nenda mwezi mmoja na nusu. Mikopo ya kausha damu imewamaliza watu hapa Tukuyu ambao hawakwenda hata Uyole. Umeniambia viza ni yuro 90, na ukikataliwa pesa hairudi, lakini ukipata moja inakutosha Uholanzi na Ubelgiji zote. Basi tiketi weka nafasi tu, usiilipie mpaka viza uwe umeishika. Watu watasema umefukuzwa kazi. Waache waseme, ukirudi wataona unaingia ofisini.

Sasa nije kwenye lile ulilolizunguka. Umeandika kurasa mbili kuhusu uchovu, na mstari mmoja tu kuhusu sisi, lakini mimi najua ule mstari mmoja ndio unaokunyima usingizi. Kila mwezi unatuma laki mbili, na chumba cha mdogo wako pale Mbeya unakilipia wewe. Kuanzia mwezi utakaoanza likizo, usitume kitu kwa miezi mitatu. Tumekaa na mama yako tukapiga hesabu kwenye daftari la maziwa. Ng'ombe wawili wanatoa lita 17 kwa siku, tunabakiza mbili za nyumbani, zilizobaki zinakwenda. Chai haileti nyingi lakini ina mwezi wake. Dawa za presha za mama yako ziko kwenye bima. Chumba cha mdogo wako nimeshalipa mpaka Desemba, kwa sababu tumeuza mtamba. Mama yako ndiye aliyesema tumuuze, kabla sijamaliza kumsomea ujumbe wako. Alisema, "Yule mtoto hajawahi kutuomba kitu tangu aanze kazi." Kisha akaenda kukoka moto, na nikamwacha, maana alikuwa analia.

Kwa hiyo ubinafsi ondoa. Hukutuomba pesa, ulituomba ruhusa, na ruhusa umepewa na wazazi wote wawili.

Ukifika Rotterdam, bandari uione, lakini usimalize siku zako huko. Bandari ni kazi yako, utajikuta unahesabu makontena. Kaa na watu. Panda basi la watu wa kawaida, uone watoto wao wanavyokwenda shule, uulize wanachokula jioni. Hayo ndiyo nitakayokuuliza. Jambo moja tu la bandarini niangalizie. Vile vibao vyekundu vya shaba nilivyokuwa nafunika turubai, vimefungwa mikanda ya chuma, nilivishusha Dar mara nyingi na sikujua vinapokwenda. Wewe ndiwe uliyeniambia kuna vinavyofika huko. Ukiviona, vipige picha.

Na Livingstone usipitie kwa ajili yangu. Nilipoanza barua hii nilifikiri nitakuomba hivyo, kwamba ukashuhudie kwa niaba yangu. Nimeacha. Ile ni safari yangu, na nina miaka 63, miguu inafanya kazi. Mwakani mwezi wa tano, maji yakiwa bado mengi, nitavuka Tunduma na mama yako kwa basi, tulale Lusaka, kesho yake tuendelee. Mama yako ameuliza kama kule kuna baridi kuliko Tukuyu. Nimemwambia hakuna.

Ila pasipoti zangu zote zimekwisha muda, na yeye hajawahi kuwa nayo. Siku hizi fomu inajazwa kwenye intaneti, na zilipotoka hizi mpya mwaka 2018 ada ilikuwa shilingi 150,000. Pesa ya wawili imo kwenye ile ya mtamba. Utakapokuja kulala, utujazie. Picha tumeshapiga hapa mjini jana, mama yako amevaa lile gauni la bluu ulilomletea Krismasi. Nimekuwekea moja kwenye bahasha hii uione.

Nijulishe siku utakayopanda basi, nije kukupokea stendi na koti.

Ni mimi baba yako.